Sanduku la Funguo Tatu

Fani ya kuchekesha watu, ambayo wengi huidhania kuwa ni mzaha wa wasio na kazi, ni miongoni mwa fani zinazodai nidhamu na amana kubwa, na ushahidi wa maneno haya umo katika waraka ulioandikwa mjini Padova, Italia, tarehe 25 Februari 1545. Siku hiyo wanaume wanane, mkuu wao akiwa Maffio mwenye lakabu ya Zanini, walifunga mkataba wa kisheria wakaahidiana kuishi kwa udugu, kuzunguka mji kwa mji wakicheza michezo yao, na kugawana chumo kwa insafu hadi Kwaresima ya mwaka wa pili.

Masharti yao yafaa kusomwa taratibu. Fedha zitiwe katika kisanduku chenye funguo tatu, zishikwe na watu watatu. Farasi anunuliwe kwa mali ya shirika awabebee mizigo. Atakayeugua auguzwe kwa mali hiyo hiyo. Karata wasichezeane ila kwa kitu cha kula. Na atakayelitoroka kundi atozwe faini. Watu hawa walichuma kwa jasho lao, na rasilimali yao kubwa ilikuwa kuaminiana.

Na bila ya kuaminiana mchezo wenyewe usingaliwezekana, kwa kuwa wachezaji wa jadi hiyo, iliyokuja kuitwa commedia dell'arte, hawakuhifadhi maneno, bali walikuwa na muhtasari wa kisa tu, na kila mmoja akatokea na sura yake: Pantalone, mzee bahili wa Venezia, Daktari wa Bologna, mwingi wa maneno na haba wa maarifa, na watumishi wasiokwisha njaa. Mmoja wa watumishi hao, Arlecchino, katikati ya kisa humwona nzi, akamnyemelea, akamdaka, akamng'oa mbawa, kisha akamla kwa raha kama atafunaye tende. Na muda wote huo mwenzake hana budi kutulia, asimnyang'anye kicheko, mpaka ahisi kuwa wakati umewadia wa kukirudisha kisa njiani.

Juu ya msingi huo fani ikakua. Wanawake wakapanda jukwaani, akiwamo Isabella Andreini, mzaliwa wa Padova, aliyekuwa mshairi pia. Kundi la wachezaji lililoitwa Gelosi likaalikwa Ufaransa na Mfalme Henri wa Tatu mwaka 1577. Flaminio Scala akachapisha mihtasari ya visa 50 vya jadi hiyo mwaka 1611. Na Molière mwenyewe, bingwa wa tamthilia za vichekesho wa Ufaransa, alipofika Paris mwaka 1658, akashirikiana ukumbi mmoja na wachekeshaji wa Kiitalia.

Basi vijana wanaojikusanya kuigiza vichekesho pasi na mfadhili wasivunjwe moyo na wanaowaona wapuuzi. Kuwafanya watu wasiojuana wacheke kwa pamoja ni kazi ya hishima, na aifanyaye kwa uaminifu, akimtunza mwenziwe kabla ya kujitafutia sifa, astahiki ujira na heko kama fundi mwingine yeyote.