Saisi na Kitabu cha Farasi

Mjomba wangu alipenda farasi maisha yake yote, wala hakuwahi kumiliki hata mmoja. Tulimzika Butiama mwaka 1997. Tangu hapo kila nisomapo kitabu kinachosifiwa kuwa cha wapenda farasi, humsikiliza yeye kwanza.

Kwetu Mara mnyama ni ng'ombe. Farasi hadumu. Mbung'o wa nyika za kuelekea Serengeti humwambukiza nagana, na usubi humletea ule ugonjwa wa farasi unaoua kwa siku chache, ambao punda milia huishi nao bila kudhurika. Basi mjomba aliwapata farasi wake ugenini. Alivuka mpaka akiwa kijana, akawa saisi Nairobi katika miaka ambayo uwanja wa mashindano wa Ngong, uliofunguliwa 1954, ulikuwa bado mpya. Aliporudi hakuleta mali. Alileta brashi moja ya kusugulia farasi, na majina ya farasi aliyokuwa akiyataja kama wengine watajavyo ukoo wao.

Mimi nilimtukana kwa ajili hiyo. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana mwenye moto wa Ujamaa, nilimwambia mbele ya wageni kwamba hiyo ni kasumba ya kutumikia wazungu. Alinyamaza. Hakunisimulia tena.

Miaka kumi na mitano baadaye, nikifundisha chuo cha ualimu Bunda, nilipata kitabu cha Beryl Markham kiitwacho West with the Night. Kilitoka 1942, kikasahauliwa, kikachapishwa upya 1983. Wengi hukisoma kwa ajili ya ndege, kwa sababu mwandishi alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada. Nathubutu kusema moyo wa kitabu uko kwingine: uko katika mazizi ya Njoro, Kenya, alikolelewa na baba yake na kujifunza kazi ya kufunza farasi wa mashindano.

Nilipanda basi la Musoma, nikashuka Makutano, nikaenda kwa mjomba Butiama. Usiku, kwa taa ya chemli, nilimsomea sura ya kuzaliwa kwa farasi Pegasus, nikiitafsiri kadiri nilivyoweza. Nilipofika pale msichana anapokesha akimsubiri farasi jike ajifungue, mjomba alifumbua macho.

"Mpwa wangu, huyu amelala zizini."

Wapo waliodai kwamba kitabu hiki kiliandikwa na mume wa tatu wa Markham, Raoul Schumacher. Hukumu ya mjomba haimalizi mgogoro huo, kwani anayejua zizi huenda akasaidiwa kushika kalamu. Hata hivyo inatosha kutuonyesha ubora wa kitabu: mwenye kazi yake akisomewa, anaitambua.

Lakini kasoro zipo. Sura nyingine imepewa jina la Kiswahili, na ndani yake neno "bahati" limepoteza silabi ya kwanza. Neno "arap" la Kikalenjini, lenye maana ya mwana wa fulani, limeandikwa "Arab" katika jina la Ruta, Mnandi aliyecheza na mwandishi tangu utotoni. Hayo ni makosa ya kalamu nyekundu ya mwalimu, nayo husameheka.

Kasoro kubwa ni nyingine. Ruta anapokuwa mtu mzima anamwita mwenzake wa utotoni Memsahib, naye hutembea nyuma yake. Markham ameliona jambo hilo na ameliandika kwa uchungu wa kweli; tumpe haki yake. Kisha anaendelea na safari. Tunaonyeshwa Ruta akiwahudumia farasi kwa bidii na busara, lakini mapenzi tunayoingizwa ndani yake ni ya mwandishi peke yake. Nilipofunga kitabu mjomba aliuliza:

"Na huyo Ruta, yeye moyo wake ulikuwa kwa farasi yupi?"

Nilijibu kwamba sikuona.

"Saisi huwa naye mmoja," akasema. "Mwenye mali anao wote. Saisi anaye mmoja."

Ndipo nilipomwomba radhi kwa maneno ya 1974. Hakujibu hilo. Alianza kusimulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, juu ya jike mmoja mwekundu aliyekataa kula asipopelekewa chakula na yeye. Alisimulia mpaka jogoo wa kwanza. Nami, mwalimu mwenye daftari na kalamu mfukoni, sikuandika hata neno moja. Nilidhani tutakuwa na usiku mwingine mwingi.

Kwa hiyo msomaji apokee uhakiki huu kama maneno ya mtu mwenye deni. Markham aliandika nusu aliyoijua, tena aliiandika vizuri. Nusu ya pili ilikuwa kwa masaisi, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu. Brashi yake ninayo hapa Musoma, juu ya rafu ya vitabu. Jina la yule jike mwekundu nimelisahau.