Diaspora Isiyovuka Bahari: Nadharia ya Atlantiki Nyeusi Mbele ya Ngoma na Ukimbizi wa Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya diaspora ya Waafrika kama ilivyojengwa na Gilroy katika The Black Atlantic (1993), kwa kuipima na historia ya Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera. Hoja kuu ni kwamba nadharia hiyo imeifanya bahari kuwa sharti la diaspora, na hivyo imewaacha nje watu waliotawanywa kwa njia ya nchi kavu. Hata hivyo, makala hayaishii katika kudai kwamba ramani ya zamani iongezwe eneo jipya. Yanaonesha kwamba ukimbizi wa Maziwa Makuu unaidai nadharia kazi ambayo haikuizoea, yaani kuihakiki kumbukumbu ya waliotawanyika na si kuipokea tu.

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya historia, muziki na utamaduni wa watu weusi walio nje ya Afrika, ni vitabu vichache vilivyokuwa na athari kama The Black Atlantic. Gilroy aliikataa hoja kwamba utamaduni huo ni mali ya taifa moja, liwe Uingereza, Marekani au Jamaika. Badala yake aliweka taswira ya meli: chombo kinachosafiri kati ya Afrika, Ulaya, Amerika na Karibea, kikibeba watumwa, mabaharia, vitabu na hatimaye santuri. Muziki ulipewa nafasi ya juu katika hoja yake, kwa kuwa watu walionyimwa kusoma na kuandika waliweka ndani yake kumbukumbu ya mateso na madai ya uhuru.

Zeleza (2005) amekwisha kuonesha kasoro ya taswira hiyo. Atlantiki ikiwa ndiyo kitovu, Bahari ya Hindi na mitawanyiko iliyotokea ndani ya bara la Afrika husahaulika, na Afrika yenyewe hugeuka kuwa chanzo kilichoachwa nyuma. Ukosoaji huo ni wa haki, lakini mara nyingi wanaoufuata huishia kwenye ramani: hutaja mahali palipoachwa, wakadai paongezwe. Swali linaloulizwa hapa ni zito zaidi. Je, mahali palipoachwa pakiingizwa, nadharia itabaki ilivyo?

Ngara na Biharamulo zinafaa kwa jaribio hili. Ni wilaya zisizo na bandari ya bahari, zilizo mbali na pwani ya Waswahili, na ambazo hata katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kagera hutajwa kwa nadra kuliko enanga ya Wahaya, iliyochunguzwa kwa kina na Mulokozi. Hata hivyo, katika kipindi cha karne moja na nusu, maeneo haya yamepitiwa na misafara, yamegawanywa na mipaka ya kikoloni, na yamepokea mojawapo ya mikondo mikubwa ya wakimbizi katika historia ya bara hili.

2.0 Istilahi na Mzigo Wake

Ni vyema kukumbuka mahali ambapo istilahi yenyewe ilipata sehemu ya nguvu zake za kitaaluma. Mnamo Oktoba 1965, wanahistoria wa Afrika walikutana katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Katika mkutano huo Shepperson aliwasilisha makala kuhusu Mwafrika aliye ng'ambo na diaspora ya Waafrika, ambayo baadaye ilichapishwa katika mkusanyiko uliohaririwa na Ranger (1968). Kwa hiyo dhana ambayo leo hufundishwa kana kwamba ilitoka London au Marekani ilijadiliwa mapema katika ardhi ya Tanzania. Waliofika kufundisha hapo baadaye, akiwamo Rodney kutoka Guyana, waliishi wenyewe uhusiano ambao dhana hiyo ilitaka kuueleza.

Kiswahili kimeipokea dhana hii kwa maneno kadhaa, na kila neno lina hukumu yake. Ughaibuni hutokana na wazo la kutokuwapo. Humtazama mtu kwa jicho la yule aliyebaki nyumbani. Mtawanyiko hujengwa juu ya tawanyika, kitenzi chenye kiambishi cha hali -ik-, na kiambishi hicho humwondoa mtendaji. Watu wametawanyika, aliyewatawanya hatajwi. Mkimbizi, kwa upande wake, hutokana na tendo la kukimbia, lakini humfanya mtu abaki na jina la tendo hilo hata baada ya miaka thelathini ya kukaa mahali pamoja. Neno diaspora lenyewe, katika matumizi ya Tanzania ya sasa, limekuwa jina la Watanzania wanaoishi nchi za nje, na husikika zaidi panapozungumzwa uwekezaji na fedha zinazotumwa nyumbani.

Matokeo ya mgawanyo huu si ya kimsamiati tu. Daktari wa Kitanzania aliyeko Houston ni diaspora. Mwanamke wa Kirundi aliyezaa na kulea watoto wake Lukole, wilayani Ngara, ni mkimbizi. Nyimbo za wa kwanza huingia katika masomo ya utamaduni; nyimbo za wa pili, zikiandikwa popote, huandikwa katika taarifa za mashirika ya misaada. Istilahi huamua nani ana fasihi na nani ana mahitaji.

3.0 Usui, 1861: Diaspora Iliyorudi

Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant ulipita Usui, yaani nchi ya Rusubi, ambayo sehemu yake kubwa imo katika eneo la Biharamulo. Mtawala wake, ambaye Speke anamwita Suwarora, aliudai msafara hongo nzito kabla ya kuuruhusu kuendelea Karagwe. Wasomaji wengi wa kitabu cha Speke (1863) wamekishughulikia kisa hiki kama sehemu ya historia ya uvumbuzi wa chanzo cha Nile. Wachache wamemtazama mtu aliyekuwa kiungo cha msafara huo: Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na alipopata uhuru baada ya kifo cha bwana wake akarudi Afrika Mashariki. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani. Kwa wapagazi alitumia Kiswahili. Amri za Mwingereza zilifika ndani ya Rusubi zikiwa zimepita katika lugha ya nchi ya utumwa na kisha lugha ya pwani. Huyu ni mwanadiaspora kwa kigezo chochote kile, ila tu bahari yake ni ya Hindi na safari yake ina marejeo. Katika Atlantiki ya Gilroy, kurudi ni ndoto, mradi wa kisiasa au safari ya wachache. Katika maisha ya Bombay, kurudi ni kazi ya mshahara, tena katika msafara uliofungua njia ya ukoloni. Kurudi huko hakukumfikisha nyumbani kwa Wayao. Kulimfikisha Biharamulo, akiwa mgeni anayewatafsiria wageni.

Jina Sidi linamuunganisha na jamii zenye asili ya Afrika zilizobaki India. Miongoni mwa Masidi wa Gujarat, muziki na uchezaji wa ibada huitwa goma, neno ambalo wanaisimu na wanamuziki hawasiti kulihusisha na ngoma. Kama Gilroy angeanza na neno hili badala ya meli, huenda ramani yake ingekuwa na umbo jingine.

4.0 Ngoma: Chombo, Tendo na Mamlaka

Kiswahili sanifu hutumia ngoma kwa maana ya chombo, uchezaji na hafla. Katika Kirundi na Kinyarwanda, ingoma ina maana nyingine inayokwenda sambamba na chombo: ni utawala, ni ufalme. Maana hii haikuwa ngeni kwa wenyeji wa Ngara. Kihangaza kimewekwa na Guthrie katika kundi la D60 pamoja na Kirundi, Kinyarwanda, Kiha na Kishubi, na Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya utawala wa Burundi kabla ya kuingizwa Tanganyika chini ya Waingereza. Wahangaza hawakuhama. Mpaka ndio uliohama, ukawaacha upande mmoja wao, ndugu zao upande mwingine, na ngoma ya mfalme ng'ambo.

Historia ya ngoma hiyo katika karne ya 20 inaonesha jinsi njia za diaspora zinavyopishana. Ufalme wa Burundi ulifutwa mwaka 1966. Mwaka uliofuata Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hiyo kwa ajili ya santuri ya Ocora ya Ufaransa. Kutokana na rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi, ulitengenezwa wimbo wa dansi wa Burundi Black (1971), na Joni Mitchell aliweka sauti za wapiga ngoma hao katika The Jungle Line (1975). Sauti ilivuka bahari bila watu wake. Haikuhitaji pasi wala kibali cha ukimbizi.

Watu nao walisafiri bila sauti hiyo kuwalinda. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwasukuma Warundi wengi kuingia Tanzania, Rwanda na Zaire, na vita vilivyofuata mwaka 1993 vikaongeza mikondo mingine. Hapa ndipo nadharia inayomtazama msanii na santuri inapopungukiwa: inajua kufuatilia mdundo hadi studio za Ulaya na Amerika, lakini haina zana za kumfuatilia mpigaji hadi kambini.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza uchezaji wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa agizo la kudhibiti upigaji wa ngoma hiyo na kuwakataza wanawake kuipiga. Wakati huohuo, Warundi walio uhamishoni wamekuwa wakiipiga katika kambi kama Kakuma nchini Kenya na katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Swali la nani mwenye ngoma, kwa hiyo, ni lilelile la zamani lililofichwa katika neno lenyewe: nani mwenye ingoma?

5.0 Kambi na Kumbukumbu Isiyo na Hatia

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa na UNHCR kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa kama mji mkubwa kwa siku chache. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara Radio Kwizera, ambayo jina lake la Kirundi na Kinyarwanda linabeba maana ya matumaini. Lukole ilibaki na wakimbizi wa Burundi baada ya Wanyarwanda kurejeshwa mwishoni mwa 1996.

Katika Benaco walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo pia walioshiriki katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ukweli huu unaigonga nadharia ya diaspora katika msingi wake. Gilroy anauchukulia utamaduni wa waliotawanywa kuwa utamaduni pinzani: sauti ya walioonewa dhidi ya usasa uliowaonea. Kwa wazao wa watumwa wa Atlantiki, msimamo huo una haki yake. Kwa Ngara hautoshi.

Malkki (1995), katika utafiti wake kuhusu Warundi wa Mishamo na wa mji wa Kigoma, ameonesha jinsi wakazi wa kambi walivyoisimulia historia yao kama kisasili cha taifa lililo uhamishoni, ilhali wa mjini walijichanganya na wenyeji na kujipa utambulisho mwingine. Turner (2010), aliyefanya utafiti Lukole, anaendeleza hoja kwa kuonesha jinsi mfumo wa misaada unavyomtaka mkimbizi awe mtu asiye na siasa wala hatia, na jinsi siasa inavyorudi kwa mlango mwingine. Kazi hizi mbili zimesomwa zaidi na wanaanthropolojia. Zinastahili kusomwa na wahakiki wa fasihi, kwa sababu zinachosema kinahusu utanzu: masimulizi ya uhamishoni yana kanuni zake za uteuzi, na kanuni hizo huweza kuhifadhi jeraha na kuficha kosa katika sentensi ileile.

6.0 Pingamizi na Jibu

Inaweza kudaiwa kwamba kuuita ukimbizi wa Ngara diaspora ni kulitanua neno hadi lipasuke. Utumwa wa Atlantiki ulimgeuza mtu kuwa bidhaa na kumkatia lugha na ukoo; mkimbizi wa Lukole aliiona milima ya kwao kutoka safari ya siku moja, na majirani zake walimwelewa alipozungumza. Tofauti hii ni ya kweli na haifai kufutwa.

Hata hivyo, ukaribu haukuwa tiba. Wengi wa Warundi wa 1972 waliohamishiwa Marekani kuanzia 2007 kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania, idadi yao ikipita 8,000, walikuwa wamekwisha kukimbia zaidi ya mara moja, kupitia Rwanda au Zaire, kabla ya kufika Tanzania. Walipotua Amerika walihesabiwa miongoni mwa watu weusi wa nchi ile. Je, udiaspora wao ulianza uwanja wa ndege? Jibu la ndiyo lingemaanisha kwamba miaka 35 ya uhamisho barani Afrika haikuwa historia, bali kungoja. Kigezo kinachopendekezwa hapa si umbali wala bahari. Ni mtawanyiko wa kulazimishwa, ugumu wa kurudi, na kuwapo kwa sanaa inayoijenga upya asili katika mazingira mapya. Kwa kigezo hicho, utumwa wa Atlantiki unabaki na uzito wake wa pekee bila kuwa mlango pekee.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Ngara na Biharamulo haziombi kiti cha nyongeza katika Atlantiki Nyeusi. Bombay anaonesha kuwa kurudi si ukombozi wenyewe. Ngoma inaonesha kuwa sauti na watu wake husafiri kwa njia tofauti na kwa haki zisizolingana. Kambi inaonesha kuwa kumbukumbu ya waliotawanyika inastahili heshima ya kuhakikiwa. Kwa taaluma ya fasihi ya Kiswahili, wajibu unaofuata uko wazi: nyimbo, masimulizi na matangazo ya kambi za magharibi zikusanywe na kuchambuliwa kama fasihi, na wanaozitunga waulizwe wanachokumbuka pamoja na wanachokinyamazia. Lukole imefungwa na waliolelewa humo wamesambaa. Kila mwaka unaopita bila ukusanyaji unapunguza idadi ya wanaoweza kujibu.