La Vie est belle: filme yetu, lakini iko wapi?

Nyimbo za Papa Wemba tunazijua. Filme yake ya 1987, La Vie est belle, ni wachache walioiona yote. Mimi niliipata kwa flashi ya rafiki: picha imefifia, sauti inakatika-katika. Hata vile, ilinishika. Kourou, mwanamuziki fukara toka kijijini, anafanya boyi kwa tajiri mwenye kutaka kuoa Kabibi, msichana huyohuyo Kourou anayempenda. Tunacheka, lakini umasikini hauchekeshe. Kasoro yake: Kinshasa nzima inaongea Kifaransa!

Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, aliiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Kama kopi nzuri haifike universite zetu, tutafundisha sinema ya Congo na nini? Mwenye nayo asiifungie kabatini, tuiangalie pamoja.