Mwongozo wa Sendai: maneno mazuri, kipimo pungufu

Hebu turudi Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: kalvati chini ya tuta la reli lilikuwa limeziba, maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha tuta likaachia. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Sasa jiulize, hilo lilikuwa janga la nini? La mvua? La reli? La uchafu uliosombwa na maji? Ni vyote kwa pamoja. Kalvati lililoziba halimdhuru mtu wakati wa kiangazi. Mvua kubwa nayo, njia ikiwa wazi, ingepita. Hizi ndizo hatari zilizofungamana.

Nikiwa na swali hilo niliusoma tena Mwongozo wa Sendai wa Kupunguza Hatari za Maafa, uliopitishwa Machi 2015 kuongoza dunia hadi 2030. Tuwe wakweli, una mengi mazuri. Ulipitishwa Japani, katika mji uliopigwa na tsunami ya 2011, ile ile iliyofurika jenereta za dharura za kituo cha nyuklia cha Fukushima na kuacha vinu bila kupozwa. Walioupitisha walijua janga moja huzaa jingine, na wameandika wazi kwamba hatari zitazamwe kwa pamoja.

Shida iko kwenye kipimo. Kati ya malengo yake 7, manne yanahesabu hasara: vifo, walioathirika, mali, miundombinu. Hizo unazihesabu janga likishapita. Lengo la tano linahesabu nchi zenye mikakati. Yaani ukiandika hati, umehesabiwa, hata kama haisemi nani azibue kalvati. Reli ina mwenyewe, barabara ina mwenyewe, mto una mwenyewe. Zinapokutana, je?

Utaniambia mwongozo wa dunia nzima hauwezi kuhesabu makalvati. Sawa. Lakini unaweza kuitaka kila nchi ionyeshe sehemu ambapo miundombinu ya taasisi mbili inakutana, na nani anaikagua kabla ya masika.

Tumezoea kuambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mai Mahiu ilihitaji mtu wa kuzibua tu. Basi leo ukipita kwenye kalvati la mtaani kwenu, chungulia ndani. Kisha uliza ni la nani.