Mafundi wa Kubadili Injini za Land Rover Singida

Land Rover Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, mara nyingi ilikuja na injini ya petroli ya lita 2.25. Chesisi yake hudumu muda mrefu kuliko injini hiyo. Injini ikichoka, fundi huing'oa kwa winchi ya mnyororo na kufunga ya dizeli, kama 200Tdi ya lita 2.5 au ya Isuzu, maana kutoka Singida safari za Manyoni, Itigi na Mkalama ni ndefu na dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja.

Kung'oa ni kazi ndogo; kufunga ndiko kugumu. Injini ngeni kama ya Isuzu haikai kwenye giaboksi ya zamani bila bamba la chuma la kuunganishia, na matundu yake yakipotoka kidogo tu, klachi na beringi huliwa mapema. Mauntingi huchomelewa upya. Sampu isipopimwa vizuri hugonga ekseli ya mbele springi zinapobonyea. Kisha breki: dizeli haitoi mvuto wa hewa unaosaidia pedali kama petroli, hivyo pale breki zinapotegemea mvuto huo, pampu ya vakyumu ni lazima. Fundi mzembe huisahau, na dereva huligundua hilo akiteremka mlima wa Sekenke.

Tangi husafishwa, mrija wa kurudisha mafuta huongezwa, hewa hutolewa kwenye njia ya dizeli. Vipimo vingi havimo katika kitabu chochote cha kiwanda. Hupatikana kwa kuishusha na kuipandisha injini ileile mpaka ikubali. Malipo, hata hivyo, kwa kawaida huhesabiwa kwa injini iliyofungwa, si kwa saa zilizotumika.