Ustadi wa Umeme Mbali na Nguzo

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, na gari-nyumba ni lile ambalo injini na makazi vimo katika bodi moja. Nchini Uingereza, ambako desturi ya kusafiri kwa vyombo hivi imedumu kwa zaidi ya karne moja, wasafiri hupata umeme kwa njia mbili. Katika viwanja vikubwa vya kambi msafiri huchomeka kebo kwenye kisanduku kilichosimikwa kando ya maegesho yake, akapata umeme wa volti 230 kama aliyeko nyumbani. Lakini sheria ya mwaka 1960 kuhusu maeneo ya karavani iliruhusu vyama vinavyotambuliwa kuidhinisha viwanja vidogo visivyozidi karavani tano, na kwa sababu hiyo mashamba mengi ya wakulima yamekuwa na kona ya kupokea wageni, ambayo aghalabu huwa na bomba la maji, shimo la maji machafu na nyasi zilizokatwa, basi. Anayelala huko huzalisha, huhifadhi na hutumia umeme wake mwenyewe.

Ustadi wa kuipa nyumba ya namna hiyo umeme wa kujitosheleza haujasifiwa inavyostahili, na pale unaposifiwa, sifa huelekezwa mahali pasipo pake. Watu hutazama juu ya paa, wakaiona paneli ya sola inavyong'aa, wakadhani hapo ndipo penye ufundi, ilhali paneli hununuliwa dukani na kufungwa kwa muda wa nusu siku. Ufundi umo katika swali linaloitangulia paneli, nalo ni kwamba wakazi wa nyumba hii watatumia umeme kiasi gani kati ya macheo ya leo na macheo ya kesho. Fundi asiyeanza na swali hilo, hata akipewa fedha bila kikomo, hutengeneza mtambo ambao mwenyewe hawezi kuutolea ahadi.

Vifaa vinavyotumika havikubuniwa kwa ajili ya wasafiri hawa. Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, zaidi ya miaka ishirini kabla ya William Gordon Stables, tabibu wa zamani wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu, kuundiwa huko Bristol mwaka 1885 ile karavani ya kukokotwa na farasi iliyoitwa The Wanderer, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kujengwa mahsusi kwa matembezi ya starehe. Seli ya sola ya silikoni, ile inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, ilitangazwa na maabara ya Bell ya Marekani mwaka 1954, ikiwa na uwezo wa kugeuza takriban asilimia 6 tu ya nguvu ya jua iliyoiangukia. Pengine kilichoyabadilisha zaidi maisha ya kambini ni taa. Balbu ya zamani ya wati 10 au 20 ilipisha taa ya LED ya wati 2 au 3 yenye mwanga uleule, jambo lililowezekana baada ya kupatikana LED ya buluu, kwa kuwa nuru nyeupe ya taa hizo hutokana nayo. Wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Faida ya taa hizo kambini haikuwa ya kuzalisha zaidi, ilikuwa ya kutumia kidogo, na fundi wa umeme wa karavani huishi kwa kanuni hiyo.

Daftari lake huanza na mahitaji. Kipimo anachotumia ni ampea-saa, yaani mkondo wa ampea moja ukitiririka kwa muda wa saa moja, na katika mfumo wa volti 12 kila ampea-saa ni sawa na wati-saa 12. Taa nne za wati 3 zikiwaka saa nne kila jioni hula ampea-saa 4. Pampu ya maji ya wati 60 hula ampea-saa 1 hivi, kwa kuwa kwa siku nzima haifanyi kazi zaidi ya dakika kumi au kumi na mbili. Simu mbili na kompyuta ya mkononi huchukua takriban 7 na nusu, na feni inayosukuma hewa ya moto kutoka kwenye hita ya gesi, ikivuta ampea moja na nusu kwa saa sita za usiku wa baridi, huchukua 9. Jumla ni ampea-saa 21 na nusu. Kisha huja jokofu la kompresa, ambalo huvuta wati 45 linapofanya kazi na hufanya kazi takriban theluthi moja ya siku, nalo peke yake hula ampea-saa 30, likawa linazidi vifaa vyote vingine kwa pamoja.

Hapo ndipo uamuzi wa fundi unapoonekana. Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa sababu kila inapokaushwa kupita hapo, fuwele za salfeti hujikita kwenye bamba zake na umri wake hupungua. Kwa hiyo inazo ampea-saa 50 tu za kutumia, ambazo jokofu hilo pamoja na wenzake huzimaliza kwa siku moja. Mwenye haraka huongeza betri ya pili, yenye uzito wa zaidi ya kilo 20, katika chombo ambacho uzito wake una kikomo cha kisheria. Fundi mzuri huuliza kwanza kama nyumba ina jokofu la gesi, lile lililobuniwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, ambalo hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa mwali mdogo usiohitaji kompresa. Likiwepo, betri ileile huitosha nyumba kwa siku mbili na zaidi bila jua hata kidogo. Jokofu la namna hiyo lina sharti lake: nyumba ni lazima isimame sawasawa, kwa kuwa vimiminika vilivyomo hurudi vilikotoka kwa mteremko tu, ndiyo maana pimamaji lina haki ya kukaa katika sanduku la vifaa vya umeme.

Betri za litiamu zenye fosfeti ya chuma, zilizotokana na utafiti wa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990, zimeubadilisha mjadala huu, kwa kuwa huruhusu matumizi ya asilimia 80 au zaidi ya akiba yake na uzito wake ni kama nusu ya uzito wa betri ya risasi. Hata hivyo hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri za sentigredi, kwa maana katika baridi hiyo litiamu huganda kama metali juu ya bamba badala ya kupenya ndani yake, na madhara hayo hayarekebishiki. Kwa hiyo zinahitaji bodi ya ulinzi inayokata chaji wakati wa baridi, na ni afadhali zikae ndani ya nyumba, karibu na joto la watu, kuliko kwenye sanduku la nje. Volti za betri hizi pia hubaki karibu palepale tangu zikiwa zimejaa hadi zinapokaribia kwisha, tofauti na betri ya risasi ambayo ikiwa imepumzika huonyesha volti 12.7 ikijaa na takriban 12.2 ikifika nusu. Anayezisoma kwa voltimita hudanganyika, na kwa sababu hiyo hufungwa kipimo kinachohesabu kila ampea inayoingia na inayotoka.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hii ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu kuliko zote ni waya. Wati 1,000 zinazochemsha birika kwa volti 230 zinahitaji ampea zisizozidi 5, ilhali wati zilezile kwa volti 12 zinahitaji ampea 83, na kwa kuwa joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya uleule ungepoteza zaidi ya mara 360 ya kile ulichopoteza mwanzo. Hata pasipo birika, hasara hiyo hujitokeza kimyakimya. Tuseme jokofu linalovuta ampea 5 limewekwa mita 5 kutoka kwenye betri, na aliyelifunga ametumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 kwa kuwa ndio uliokuwepo. Umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi, nao hupoteza karibu volti 0.6 njiani. Betri yenye volti 12.2, ambayo bado ina nusu ya akiba yake, huonekana na jokofu kuwa ina volti 11.6, na jokofu hujizima ili kuilinda betri iliyo salama. Mwenyewe hulaumu betri, akanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Waya wa milimita mraba 6 ungepoteza kama volti 0.15 tu.

Ncha za waya nazo zina adabu zake. Fundi huvua ganda la plastiki kwa kipimo cha kichwa cha shaba atakachokivisha, bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, kwa kuwa uzi uliokatwa ni unene uliopungua mahali pasipoonekana. Huingiza nyuzi hadi zionekane kwenye kitobo kidogo cha ukaguzi, hubana kwa koleo lenye meno ya pembe sita mpaka shaba na shaba ziwe kitu kimoja, kisha hulivuta ungio kwa nguvu ya mikono yote miwili kabla ya kulifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Chombo kinachosafiri hutikisika siku nzima, na ungio lililolegea hupata moto, likaota kutu, likazidi kupata moto. Kwa sababu hiyo pia fyuzi kuu huwekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri: kazi yake ni kuulinda waya, na kipande chochote cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, hali betri inaweza kutoa mamia ya ampea pale waya unapokwaruzwa na kugusa bodi.

Umeme huingia kwa njia zaidi ya moja. Gari-nyumba huchajiwa na altaneta ya injini likiwa njiani, ingawa altaneta za magari ya kisasa hushusha volti zake ili kubana mafuta, kwa hiyo kati yake na betri ya nyumba huwekwa kifaa cha kuzipandisha hadi kiwango kinachotakiwa. Karavani ya kukokotwa hupata kidogo kwa njia hiyo, kwani nyaya za plagi ya nyuma ya gari ni nyembamba. Jenereta ipo, lakini kelele yake huharibu kile ambacho watu walikifuata shambani.

Juu ya sola, kazi muhimu ni ya kidhibiti chaji. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa kwenye volti 18 hivi, na kidhibiti cha kawaida huilazimisha ishuke hadi volti za betri, tofauti ikapotea, ilhali kile kinachotafuta kilele cha nguvu hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Baada ya hapo hujaza betri kwa hatua, kwa nguvu mwanzoni na polepole mwishoni, kama mtu anayejaza chupa yenye shingo nyembamba. Kivuli ndicho adui mkuu, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfululizo, na kivuli cha bomba la moshi juu ya seli chache huweza kupunguza kazi ya paneli nzima.

Majira huamua yaliyobaki. Katika siku fupi kuliko zote ya mwezi Desemba, jua la adhuhuri mjini London halipandi zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, na mchana hautimizi saa nane. Paneli iliyolala juu ya paa hupata katika siku hiyo takriban sehemu moja ya kumi ya kile inachopata mwezi Juni. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye sola kwake ni kitu cha kijijini na dukani, huenda akaona jambo hili ni geni, kwa sababu Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59 mwaka mzima. Lakini hesabu ni ileile kwa magari ya safari yanayolala kwenye kambi za Serengeti yakiwa na betri ya pili na jokofu la volti 12. Tofauti ni kwamba huko joto huufupisha umri wa betri na hulifanyisha jokofu kazi zaidi, kwa hiyo daftari huandikwa upya badala ya kunakiliwa. Fundi mwaminifu humwambia mteja wa Uingereza wazi kwamba mtambo unaomtosha Julai hautamtosha Januari, na kwamba paneli za kuutosha mwezi huo hazitaenea juu ya paa lake.

Kazi ya mwisho, ambayo wengi huiruka, ni kuchora. Mchoro wa mtambo hubandikwa ndani ya mlango wa kabati la betri, ukionyesha unene wa kila waya, ukubwa wa kila fyuzi na tarehe ya kila badiliko, na kila waya hupewa lebo katika ncha zake zote mbili. Karavani huishi miaka mingi na hupita mikononi mwa wenyewe kadhaa. Atakayelifungua kabati hilo katika mji mwingine, akiwa hajapata kukutana na aliyelifunga, huanza kazi yake kwa kusoma badala ya kukata nyaya ili kujua zinakokwenda.