Anayepita Nyuma

Ukimwona mhakiki wa ramani akiwa kazini utadhani amesinzia. Ukumbi mzima unabofya. Wanafunzi wa chuo wameinamia kompyuta zao, kila mmoja kapewa mraba wake wa picha ya satelaiti, na ukutani idadi ya majengo yaliyochorwa inapanda huku watu wakipiga makofi. Yeye kajitenga pembeni na mraba ambao mtu mwingine ameshaumaliza. Anaisogeza picha taratibu, anasimama kwenye nyumba moja ya bati, anaikuza, anaitazama. Kisha anaushika mchoro wa nyumba ile na kuusogeza kidogo, upana wa kibaraza tu.

Nilimuuliza binti mmoja wa kazi hiyo kwa nini anahamisha nyumba za watu. Hakugeuka. “Hilo ni paa, kaka. Nyumba yenyewe iko hapa.”

Satelaiti mara nyingi hupiga picha ikiwa imeinama, kwa hiyo paa huonekana limeegemea upande, mbali na msingi. Mwenye haraka huchora paa akaondoka. Fundi huchora paa ili apate umbo, kisha hulishusha mpaka ukutani. Mraba ule ulikuwa wa kijiji kimoja cha mkoani Mara. Binti akafika kwenye nyumba ya msonge iliyochorwa pembe nne, akabonyeza herufi O, ikawa duara. Mbele kidogo kivuli cha mwembe kilikuwa kimefanywa nyumba, akakifuta. Aliyechora huenda yuko Ulaya, ana moyo mwema na hajawahi kuona msonge maishani mwake. Simlaumu. Kutoka angani msonge ni doa la kijivu.

Kilichomweka muda mrefu kilikuwa barabara. Njia mbili za vumbi zilikutana, mimi sikuona kasoro yoyote. Alipoikuza picha, nikaona zimekaribiana tu, hazikuunganishwa kwa nukta. Kwa jicho la mtu ni njia panda. Kwa programu inayomwelekeza dereva, barabara imekatika hapo, na kijiji cha mbele hakifikiki. Wilayani Serengeti, mkoani humo, jambo hilo si la kitaaluma tu. Tangu 2015 watu wa Crowd2Map wamekuwa wakijaza ramani ya Tanzania vijijini, na mojawapo ya sababu ni mabinti wanaokimbia kukeketwa: gari linalotumwa kumchukua msichana usiku lazima lijue pa kukata kona. Nukta ile moja, ambayo haikumpa mtu makofi, ilichukua muda mrefu kuliko nyumba kumi za jirani.

Fundi cherehani wa zamani ulimjua kwa kuigeuza nguo na kutazama ndani. Kazi hii nayo ina upande wa ndani, na ndio unaopuuzwa.

Si kwamba haraka haina mahali pake. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake waliitengeneza Ushahidi kwa siku chache ili taarifa za ghasia zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye tetemeko liliiangusha Port-au-Prince, mji ambao ramani yake huria, ile ambayo yeyote anaweza kuichora, ilikuwa karibu tupu. Watu zaidi ya 600, wengi wakiwa majumbani mwao nchi za mbali, wakachora mitaa yake, na waokoaji wakaitumia. Nyumba inapoungua hakuna anayehoji umbo la ndoo. Lakini Ushahidi ilidumu kwa sababu kuna watu walibaki kuirekebisha miaka na miaka, baada ya waandishi wa habari kwenda zao. Ni wachache wanaoweza kuwataja watu hao.

Dar es Salaam nasi tuliwahi kuifanya kazi hii kwa miguu. Ramani Huria ilipoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani Tandale na kwingineko pamoja na wakazi, wakauliza mtaa unaishia wapi na maji ya mvua hupita wapi. Jambo hilo picha ya angani haisemi. Mkazi wa bondeni anajua mtaro upi huziba na mlango upi huingiwa na maji kwanza.

Sasa hakathoni, yale mashindano ya siku moja ya kutengeneza programu, zimekuwa za fulana na sambusa. Tangazo linatoka, Jumamosi ukumbi unafurika, jioni kuna zawadi ya mshindi na picha ya pamoja. Programu huria iliyozaliwa pale ina jina zuri na kurasa mbili za maelezo. Mwezi wa tatu mtu anauliza swali, hajibiwi. Mwaka ukipita, haifunguki tena. Msimbo kuwa wazi kwa wote hakumaanishi una mwenyewe.

Wapo wanaosema mashine imetuondolea taabu. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa michoro ya majengo takriban milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyochorwa na kompyuta. Naikubali faida yake. Ila mashine imeona mapaa. Haikuambiwa lipi ni zahanati, lipi ni zizi, na lipi lina mama mjamzito ambaye barabara yake haijaungwa.

Kwa hiyo, ndugu mwandaaji, ukiandika bajeti ya hakathoni yako ijayo, punguza fulana. Tenga fungu la mtu mmoja wa kupita nyuma ya wengine kwa mwaka mzima, na jina lake liandikwe kwenye tangazo kabla ya jina la mgeni rasmi.